Uboreshaji wa michakato au usimamizi wa miradi: usome kipi kwanza?

Kazi za biashara ni za aina mbili. Zipo zinazojirudia: mikate inaokwa kila usiku, ankara zinatoka kila mwisho wa mwezi, mzigo unapokelewa ghalani kila asubuhi. Na zipo zenye mwanzo na mwisho: kufungua tawi, kuhamia mfumo mpya wa hesabu, kujenga ghala. Anayesumbuliwa na kazi za kwanza anahitaji ujuzi wa kuboresha michakato, yaani Lean (kuondoa upotevu), Kaizen (maboresho madogo yasiyokoma), 5S (kupanga mahali pa kazi) na Six Sigma (kupunguza kasoro kwa takwimu). Anayesumbuliwa na za pili anahitaji usimamizi wa miradi, ambao vyeti vyake vinavyotajwa sana ni CAPM na PMP vya taasisi ya PMI ya Marekani na PRINCE2 yenye asili ya Uingereza.

Ukiulizwa unataka kusoma kipi, usianze na orodha ya vyeti. Jiulize kwanza: kinachokuumiza kichwa kitakuwepo tena kesho asubuhi, au kitakwisha siku fulani? Wengi huruka swali hilo. Wanalipia kozi ya miradi kwa sababu jina lake limetajwa kwenye tangazo la kazi, wanahitimu wakijua kupanga ratiba ya miezi sita, kisha wanarudi ofisini ambako wateja bado wanakaa foleni dakika 40 kila siku. Ratiba haiondoi foleni.

Ili tofauti ionekane, tuchukue bekari moja ya kubuni inayotoa mikate 1,200 kwa usiku. Mwenye mali ana mambo mawili mezani: mikate mibovu ni mingi, na anataka kufungua tawi la pili. Nyumba ni moja, lakini kila jambo linadai ujuzi wake.

Mikate mibovu: kazi ya mtu wa michakato

Six Sigma hufundisha hatua tano kwa mpangilio: fafanua, pima, changanua, boresha, dhibiti. Zinaonekana za kawaida, na ndiyo maana watu huruka ya pili na kukimbilia ya nne.

Kufafanua ni kukubaliana mkate mbovu ni upi. Msimamizi wa zamu anaweza kuukataa mkate ulioungua kidogo pembeni huku muuzaji akiupokea bila neno. Kwa hiyo andikeni: uzito chini ya gramu 390 kwa mkate wa gramu 400, ganda jeusi lililozidi upana wa vidole viwili, katikati pameshuka, mfuko umechanika. Kisha wapimeni wapimaji wenyewe. Chukua mikate 30, mizuri na mibovu ikiwa imechanganywa, uipe namba kwa chini, na watu wawili waikague kila mmoja peke yake bila kusikilizana. Wakitofautiana kwenye zaidi ya mikate mitatu, msikusanye takwimu yoyote bado; rudini kwenye maelezo ya kasoro mpaka macho yao yafanane. Kozi nyingi fupi hazigusi hatua hii kabisa, wakati ndiyo inayoamua kama namba zote zitakazofuata zina maana.

Sasa pimeni usiku kumi. Tuseme katika mikate 12,000 imepatikana mibovu 420, yaani asilimia 3.5. Igawanyeni kwa aina: iliyoshuka katikati 190, iliyoungua 120, yenye uzito pungufu 60, mifuko iliyochanika 30, mengineyo 20. Aina mbili za kwanza peke yake zinabeba 310 kati ya 420, karibu robo tatu. Hapo mmeshajua pa kushika, na mabishano kuhusu mifuko yanaweza kusubiri.

Kwa nini mikate inashuka? Donge limeumuka kupita kiasi. Kwa nini limeumuka kupita kiasi? Limesubiri. Kwa nini limesubiri? Hapa hesabu ndogo inafaa kuliko kikao. Oveni inachukua mikate 120 kwa mkupuo, na kila mkupuo unakula dakika 30 pamoja na kupakia na kupakua. Lakini mashine ya kukandia inajazwa unga wa mikate 480 kwa mara moja, kwa sababu mkandaji anataka amalize mapema. Mikupuo minne basi: wa kwanza unaingia motoni kwa wakati, wa nne unaingia dakika 90 baadaye, hamira ikiwa imeendelea kufanya kazi muda wote huo kwenye joto la chumba cha oveni. Aliyekuwa analaumiwa ni mchomaji, na hana kosa.

Dawa yake ni kukanda unga wa mikate 120 kila nusu saa. Haihitaji mashine mpya; usiku mzima bado ni mikupuo kumi, saa tano. Kinachobadilika ni mkandaji kusimama mara kumi badala ya mara tatu, na atalalamika. Huko ndiko maboresho mengi hufia, wala si kwenye hesabu. Mpe sababu, mpe namba, na mshirikishe kupanga zamu kabla hujabandika tangazo ukutani.

Ikiwa mikate iliyoshuka itapungua kutoka 190 hadi 30 kwa usiku kumi, jumla ya mibovu inakuwa 260, yaani 26 kwa usiku badala ya 42. Kwa gharama ya shilingi 900 kwa mkate, mikate 16 inayookolewa ni shilingi 14,400 kwa usiku, na kwa mwezi wa usiku 26 wa kazi ni shilingi 374,400. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na ada ya kozi.

Hatua ya mwisho, kudhibiti, ndiyo inayomtenga mwenye mkanda wa kijani (Green Belt; ngazi za Six Sigma huitwa mikanda: njano, kijani, mweusi) na mtu aliyesikia semina ya siku moja. Unachora chati ya mikate mibovu kwa kila usiku na kuiwekea mipaka miwili. Kwa wastani wa zamani wa mikate 42 kati ya 1,200, mipaka iko takribani 23 na 61. Maana yake usiku wenye mikate mibovu 55 si tukio. Ni kuyumba kwa kawaida kwa mchakato uleule, na kumfokea mtu kwa ajili yake hakutaleta kitu. Usiku wenye 70 ndio wa kuulizia: umeme ulikatika, hamira ilikuwa ya zamani, fundi mpya alikuwa zamu? Bosi asiyejua mipaka hii hupongeza na kufoka kwa bahati nasibu, na wafanyakazi hujifunza kuficha mikate.

Six Sigma yenyewe ilianzia Motorola mwaka 1986, kwa kazi ya mhandisi Bill Smith, ikapata umaarufu zaidi General Electric ilipoichukua mwaka 1995 chini ya Jack Welch. Lengo lake la jina ni kasoro 3.4 kwa kila fursa milioni. Bekari yetu ya asilimia 3.5 ina kasoro 35,000 kwa milioni, sawa na sigma 3.3 hivi kwenye kipimo ambacho sita ndiyo hizo kasoro 3.4. Je, ikimbilie sita? Hapana. Mtengenezaji wa vipuri vya breki ana haki ya kuihangaikia namba hiyo. Bekari itatumia fedha nyingi kuliko thamani ya mikate yenyewe. Mkufunzi asiyekuambia hivyo anauza mikanda.

Lean imetoka Toyota, na jina la Taiichi Ohno ndilo linaloambatana na aina saba za upotevu: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha bila sababu, kusindika kupita kiasi, akiba iliyorundikana, mwendo usio na kazi, na kasoro. Kwa mtu anayeanza, Lean ni rahisi kuingia kuliko Six Sigma kwa sababu haikudai takwimu siku ya kwanza. Tembea na daftari, andika kila mahali kitu kinaposimama kikisubiri na kwa dakika ngapi. Karatasi moja ya namna hiyo hufunua mengi.

5S ndiyo ya bei rahisi kupita zote, na Tanzania ina uzoefu nayo hospitalini: Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kuitumia mwaka 2007 kwa msaada wa Japani, kisha Wizara ya Afya ikaipeleka hospitali nyingine pamoja na Kaizen. Hatua zake kwa Kiswahili cha huko ni sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Tatu za kwanza hukamilika kwa wiki moja. Ya tano ndiyo inayoshinda wengi, kwa kuwa haina mwisho: inahitaji ukaguzi wa kila wiki wenye alama, na mtu mwenye jina anayeufanya. Panapokosekana hilo, baada ya miezi mitatu rafu zinarudi kama zilivyokuwa, isipokuwa zina lebo.

Tawi la pili: kazi ya mtu wa miradi

Hapa hakuna kinachojirudia, hivyo chati ya kasoro haina la kusema. Kinachohitajika ni kujua kazi zote, zipi zinasubiri zipi, nani anazifanya, na fedha zinakwenda wapi.

Anza na hati ya mradi ya ukurasa mmoja: kinachotakiwa, kisichohusika, bajeti, tarehe, na jina la mwenye mamlaka ya kukubali mabadiliko. Sehemu ya kisichohusika ndiyo huachwa tupu, na ndiyo inayoleta ugomvi. Ikiwa haikuandikwa kwamba tawi halitakuwa na mgahawa, mwezi wa pili mtu ataleta wazo la mgahawa, na bajeti haitaongezwa.

Kisha vunja kazi vipande na uipe kila moja siku zake. Kuagiza oveni nje na kuisafirisha: siku 60. Kuitoa bandarini: 14. Mkataba wa pango: 10. Ukarabati: 25. Umeme wa fezi tatu: 30. Kufunga oveni: 5. Majaribio: 7. Kuajiri na kufundisha: 20.

Ukijumlisha zote kwa mstari unapata siku 171, na ndivyo asiyesoma anavyopanga. Lakini oveni iko baharini wakati fundi anapaka rangi. Mnyororo wa oveni ni 60, 14, 5 na 7, jumla siku 86. Mnyororo wa jengo unahitaji 10, 25 na 30, yaani siku 65, kabla oveni haijafungwa; oveni itakuwa tayari kufungwa siku ya 74. Kwa hiyo jengo lina nafasi ya siku 9 za kuchelewa bila kugusa tarehe ya ufunguzi. Umeme ukichelewa siku 15, ufunguzi unasogea siku 6, hausogei 15. Na kuajiri kunaweza kuanza hata siku ya 59, siku 20 kabla ya majaribio kuanza. Ukiajiri siku ya kwanza utalipa mishahara ya watu wanaotazama ukuta.

Angalia kilichofichwa kwenye hesabu hiyo. Siku 86 zinapatikana tu ikiwa malipo ya awali ya oveni yanatolewa siku ya kwanza, kabla mkataba wa pango haujasainiwa. Ukisubiri mkataba, ni siku 96. Kulipa mapema ni kuhatarisha kubaki na oveni isiyo na nyumba. Kusubiri ni kupoteza siku kumi za mauzo. Msimamizi wa mradi mzuri haamui hilo kimya kimya. Analiandika kwenye rejesta ya vihatarishi, anampelekea mwenye mali njia mbili na bei zake, na anachukua sahihi.

Makadirio ya siku nayo yana mbinu. Usiulize "umeme utachukua siku ngapi?", uliza tatu: ikienda vizuri sana, kwa kawaida, na ikiharibika. Tuseme umejibiwa 20, 30 na 70. Jumlisha ya kwanza, mara nne ya kati, na ya mwisho, ugawe kwa sita: 35. Tayari nafasi ya jengo imeshuka kutoka siku 9 hadi 4, na hujachimba hata shimo. Fundi anayejibu namba moja bila kusita hajakupa makadirio, amekupa matumaini.

Upande wa fedha, kozi yoyote ya maana itakufundisha kulinganisha vitu vitatu kwa siku moja: thamani ya kazi iliyopangwa kufanyika, thamani ya kazi iliyofanyika kweli, na fedha zilizotoka. Bajeti ni shilingi milioni 90. Siku ya 43 mpango ulitaka kazi za milioni 45 ziwe zimekamilika; zilizokamilika ni za milioni 36; zilizolipwa ni milioni 48. Gawa 36 kwa 45 upate 0.8: mko nyuma. Gawa 36 kwa 48 upate 0.75: kila shilingi inanunua kazi ya senti 75. Mwendo ukiendelea hivyo, gawa 90 kwa 0.75 na bajeti ya mwisho ni milioni 120. Bora mwenye mali aijue siku ya 43 kuliko siku ya 80.

Namba hizo huharibiwa na kitu kimoja: "imefika asilimia 90". Ukarabati unaweza kukaa kwenye asilimia 90 kwa mwezi mzima. Tumia kanuni ngumu: kazi ambayo haijakamilika ni sifuri, iliyokamilika na kukaguliwa ni mia. Ukiiona kali mno, toa hamsini ikianza na hamsini ikikaguliwa. Vunja vipande viwe vidogo, siku tano hadi kumi kila kimoja, ili kanuni hiyo isiudanganye mradi mzima.

Vyeti kwa upande wa masharti

| Cheti | Kinachotakiwa kabla | Mtihani | Baada ya kufaulu |
|---|---|---|---|
| CAPM (PMI) | Elimu ya sekondari, saa 23 za mafunzo | Maswali 150, saa 3 | Alama 15 za mafunzo kila miaka 3 |
| PMP (PMI) | Shahada ya miaka minne na miezi 36 ya kuongoza miradi ndani ya miaka 8. Bila shahada miezi 60. Saa 35 za mafunzo | Maswali 180, dakika 230 (muundo wa 2021) | Alama 60 kila miaka 3 |
| PRINCE2 Foundation, toleo la 7 | Hakuna | Maswali 60, dakika 60, kufaulu 36 | Huisha baada ya miaka 3 |
| Green Belt ya ASQ (chama cha ubora cha Marekani) | Miaka 3 ya kazi inayohusiana | Maswali 110 (yanahesabiwa 100), saa 4 na dakika 18 | Hakiishi muda |
| PSM I, cheti cha Scrum (Scrum.org) | Hakuna | Maswali 80, dakika 60, kufaulu asilimia 85 | Hakiishi muda |

Masharti ya PMP na CAPM ni ya muundo uliotumika tangu mageuzi ya mwanzoni mwa miaka hii ya 2020. Mihtasari hubadilishwa kila baada ya miaka michache, basi kabla hujanunua kitabu cha mtumba hakikisha kinafuata muhtasari unaotumika mwezi utakaokaa mtihani. Ada nazo hubadilika kwa nchi na kwa uanachama. Kwa PMP weka akilini mamia kadhaa ya dola, bila kozi.

Gawanya muda kwa maswali uone tabia ya kila mtihani. PMP ya muundo huo inakupa karibu sekunde 77 kwa swali, na maswali mengi ni visa: mteja amebadilisha mawazo, mkandarasi amegoma, ufanye nini kwanza? Hesabu ni chache. PMI haitangazi alama ya kufaulu. Green Belt ya ASQ inakupa dakika mbili na zaidi kwa sababu unakokotoa, na vitabu vinaruhusiwa mtihanini. Anayekariri fomula bila kujua lini zinatumika hatasaidiwa na kitabu. PRINCE2 Foundation hupima kama unaijua lugha na majukumu ya mfumo wenyewe: kanuni saba, nyanja saba za utendaji, michakato saba. Inasomeka kwa wiki chache, na kwa sababu hiyohiyo peke yake haimvutii sana mwajiri aliye nje ya taasisi zinazoitumia.

Lugha ni kikwazo ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Hakuna mtihani wa PMP kwa Kiswahili. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kuufanya kwa Kifaransa, na aliyeko Muscat kwa Kiarabu. Aliyesomea kwa Kiingereza cha shule ajipime kwanza kwa maswali 50 ya mazoezi ndani ya dakika 64. Akiishiwa muda, shida yake ni kasi ya kusoma, na haitibiwi kwa kuongeza vitabu vya miradi.

Fomu ya PMP huwaangusha wenye uzoefu halisi. Miezi inayogongana huhesabiwa mara moja: ukiongoza miradi miwili kwa miezi sita ileile, umepata sita, hujapata kumi na miwili. Na kazi za kila siku hazihesabiki. Meneja aliyeendesha bekari miaka kumi hana hata mwezi mmoja kwa ajili hiyo tu. Siku 86 za kufungua tawi ndizo zinazohesabika. Andika kila mradi kwa lengo, wajibu wako, kilichokabidhiwa na matokeo, na usiorodheshe majukumu ya cheo. Baadhi ya maombi huchaguliwa kukaguliwa, kwa hiyo usimtaje msimamizi ambaye hutaweza kumpata akusainie.

Kwenye Six Sigma hatari ni tofauti: hakuna mmiliki mmoja wa mikanda. ASQ wanadai uzoefu kwa mkanda wa kijani, na kwa mweusi wanataka miradi miwili iliyokamilika na kuthibitishwa, au mmoja ukiwa na miaka mitatu ya kazi. IASSC, shirika jingine la vyeti hivyo, wanapima kwa mtihani bila kudai mradi. Wengine watakupa mkanda mweusi kwa siku mbili za mtandaoni na malipo ya simu. Mwajiri anayejua mambo atakuuliza: ulipunguza nini, kutoka ngapi hadi ngapi, ulijuaje kwamba si bahati? Ukiwa na chati ya mikate, hata mkanda wa njano utatosha kuanza mazungumzo. Bila chati, mweusi hausaidii.

Nani achukue kipi

Msimamizi wa zamu kiwandani, ghalani, maabara au kwenye dawati la huduma aanze na 5S na Lean, bure kabisa, afanye boresho moja lenye kipimo cha kabla na baada, ndipo alipie Green Belt. Mtaji wake ni takwimu alizo nazo tayari. Excel inatosha, Minitab, programu ya takwimu, ni nzuri lakini ni ya kulipia, na kiwango cha Green Belt hakiilazimishi.

Mhandisi wa ujenzi, mtu wa kufunga mifumo au anayetafuta kazi Ghuba asipoteze muda: PMP ndiyo inayotajwa kwenye matangazo yao. Akikosa miezi ya uzoefu, CAPM inamsogeza, na mwenye CAPM hatakiwi tena kuonyesha zile saa 35 anapoomba PMP. Kwa kujifunzia ratiba, ProjectLibre na GanttProject ni za bure.

Kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali hali ina sura yake. Kule mradi hupangwa kwa bango kitita (logframe, jedwali la malengo na viashiria), mfadhili ana fomati yake, na ufuatiliaji na tathmini ndio uti wa mgongo. PMP inaheshimika lakini haigusi sana hayo. PMD Pro, ambayo siku hizi huitwa Project DPro, imetungwa kwa ajili ya kazi hizo, na mwongozo wake hupakuliwa bure.

Anayetengeneza programu za kompyuta atakutana na Scrum, utaratibu wa timu kufanya kazi kwa vipindi vifupi, kabla ya vingine vyote, na PSM I ni njia fupi. Asiichukulie kuwa usimamizi wa miradi kamili: haimfundishi mkataba, manunuzi wala bajeti.

Mhasibu, afisa manunuzi au afisa rasilimali watu ndiye hukosea zaidi kuchagua. Kazi yake karibu yote inajirudia, lakini hujiandikisha kozi ya miradi kwa sababu ina sauti ya cheo. Malipo ya msambazaji yanayokaa siku 21 mezani ni mchakato. Andika kila mkono ankara inapopita na siku inazolala hapo. Mara nyingi kazi yenyewe ni dakika chache, na siku zilizobaki ni kusubiri sahihi. Mkanda wa njano, usiodai uzoefu wowote kwa ASQ, unamfaa kuliko CAPM.

Mwenye biashara ndogo asilipie cheti chochote. Achukue ukurasa mmoja wa hati ya mradi, karatasi ya kuhesabu kasoro na ile hesabu ya minyororo miwili. Akikua hadi anaajiri meneja, ndipo atajua amwombe nini kwenye usaili.

Kwa anayetaka vyote viwili, mpangilio unaofaa ni boresho kwanza, mradi baadaye. Kila mradi huishia kukabidhi mchakato: tawi likifunguliwa, usiku wa kwanza linaanza kuoka mikate 1,200, na mibovu inaanza kuhesabiwa. Aliyejifunza kupima ataweka chati ukutani wakati wa zile siku saba za majaribio, oveni ikiwa bado mpya na mkandaji hajazoea kujaza mashine mpaka juu. Kisha ataliandika boresho lenyewe kama mradi wenye tarehe, bajeti na makabidhiano, na miezi hiyo itahesabika kwenye fomu ya PMP.